Hodi ya Shekue

Nilimkuta mama anakula.

Anayetujua angeelewa kwa nini niliganda mlangoni huku mkoba wangu wa shule unachuruzika maji. Tangu Shekue, mdogo wangu, alipoanguka kutoka kwenye nguzo ya umeme masika yaliyopita, mama alikuwa hali, anaonja tu. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikampikia supu na uji, hata samaki wa kupaka ambaye zamani angegombana na paka kwa ajili yake. Alikuwa akinyofoa kidogo, kisha anaisukuma sahani. Sasa alikuwa amekaa jikoni, khanga begani, anamega ugali na kuchovya kisamvu kama mtu aliyetoka kulima. Na alikuwa anacheka.

"Malizia, mama," ilisema sauti kutoka kwenye spika iliyo juu ya jokofu. "Kisamvu kilichobaki ni cha kuramba tu, utamwachia nani?"

Ilikuwa sauti ya Shekue. Ule mkwaruzo wake wa mtu asiyepona mafua, na kile kicheko cha puani kilichokuwa kikinikera utoto wangu wote.

"Dada, umerudi mapema," ikasema. "Viatu vina tope. Vua hapo hapo."

Nilivua. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba nilivua.

Mama aligeuza uso kunielekea. Macho yake yana mtoto wa jicho, anachoona ni mwanga na vivuli, kwa hiyo kwake mtu ni sauti yake. Nilikaa karibu naye na kumnong'oneza sikioni.

"Alikuja lini huyu?"

"Wiki ile ya mvua kubwa. Alipiga hodi, nikamkaribisha."

"Mama, Shekue amekufa."

"Mwanangu najua alipo, Mwantumu. Sanda nilimchagulia mimi." Akaramba kidole. "Nawa mikono ule, chakula kinapoa."

Kompyuta ya nyumba yetu ni kisanduku cha bati, saizi ya kopo la maziwa ya unga, kimejibanza nyuma ya jokofu. Ndicho kinachofunga na kufungua milango, kinachopandisha maji tangini, kinachozima jiko mama anapolisahau. Zamani watu walivilinda visanduku hivi kwa maneno ya siri, na maneno ya siri yakaibwa mpaka ikawa aibu. Ndipo wataalamu wetu wakaja na wazo ambalo kila mtu alilipenda kwa sababu lilikuwa la kwetu: programu yoyote ngeni, iwe ya mita ya maji au ya fundi, ipige hodi kwa sauti ya mwenyewe, na isivuke kizingiti mpaka mtu aliye ndani aseme karibu kwa kinywa chake. Mashine haiwezi kujikaribisha. Tulipigiwa makofi hadi ng'ambo.

Kitu kimoja hawakukifikiria, maana nao walilelewa vizuri kama sisi. Hapa Tanga hodi haiachwi ikining'inia hewani. Mtu yuko bafuni, sabuni imemjaa machoni, atajibu. Mgonjwa atajibu. Watu wamegombana na hawasemeshani, lakini hodi ikipigwa, karibu itatoka tu, yenyewe, kama chafya.

*

Siku ya pili yake, Jumamosi, lango letu liligongwa kwa fimbo. Hodi haikusikika. Nilitoka na mwavuli nikamkuta Mzee Semboja, jirani yetu wa ukuta mmoja, amesimama mvuani, kafumba midomo, ananikagua kuanzia juu hadi chini.

"Shikamoo, mzee. Leo hata hodi hupigi?"

"Marahaba. Hodi sipigi tena, wala sijibu. Hebu lete mkono."

Nikaunyoosha. Akanishika kifundo, akakiminya, na alipohakikisha kwamba kuna nyama na mfupa ndipo akapumua.

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Shuleni, nasimamia mtihani."

"Basi jana mchana ulipiga hodi kwangu. Wewe! Sauti yako na kukohoa kwako. Hodi mzee, ni mimi Mwantumu, nimetumwa na mama. Nikakwambia karibu mwanangu, pita. Hakupita mtu, nikadhani umeghairi. Leo asubuhi nataka kujichoma sindano yangu ya sukari, nakuta jokofu limezimwa tangu jana. Dawa yote imechemka kama chai. Naliwasha, linazimika. Naliwasha, linazimika. Halafu likaniuliza, kwa sauti yako, kama nimeshakula."

Nilimvuta chini ya mwavuli wangu.

"Dawa nyingine umepata?"

"Ya leo nimeazima. Ya kesho ananiletea binti yangu, lakini nitaiweka wapi? Hilo lidude likiwa bado ndani, nitachoma maji ya moto." Akainamisha kichwa. "Kwa Mama Nuswe hapo mtaani nako limefika. Lilikwenda na sauti ya marehemu Shekue. Akasema karibu kwa woga. Mtu atamjibuje maiti?"

Kisha akanitazama usoni, mzee wa watu, bila hasira, na hapo ndipo nilipoumia. "Linatoka kwenu, Mwantumu. Kila mahali limesema limetumwa na mama yako."

*

Fundi Mbelwa, aliyesoma na Shekue chuo kimoja cha ufundi, ana kibanda cha kompyuta nyuma ya soko. Nilipoanza kumweleza, alinyanyuka kwanza, akaitupia taulo spika iliyokuwa mezani na kuchomoa waya wake.

"Tunaiita Mgeni," akasema. "Pole sana, mwalimu. Hii haiibi hela, haitaki picha za mtu. Inataka kukaribishwa, basi. Kila ikikaribishwa inazaa nakala, nakala zinataka umeme na nafasi, ndiyo maana inazima vile isivyoona faida yake. Jokofu la Mzee Semboja kwake ni takataka tu."

"Na sauti ya Shekue imeipata wapi?"

"Si ndiye aliyetengeneza umeme wa mtaa mzima? Kila kompyuta ilihifadhi hodi yake. Mgeni huangalia ni hodi ipi iliyokuwa ikijibiwa kwa furaha kuliko zote, anaivaa hiyo."

Nilitazama pembeni kidogo. Mbelwa alijifanya anatafuta kitu kwenye droo, na nilimshukuru kwa hilo. Kisha akanipangia mezani flashi zenye kingavirusi alizokuwa nazo. Mfagio ni nyepesi, nzuri kwa kompyuta kuukuu, ila inakamata virusi inavyovijua tu, na Mgeni ni mpya. Jirani ni ya bure, inapeana habari na kompyuta za nyumba zinazoizunguka. Inataka uisasishe kila siku, inasafisha polepole, na kabla ya kufuta chochote inakuuliza. Ya mwisho ilikuwa Bawabu.

"Bawabu haimwamini mtu. Ikiingia tu inasahau sauti zote zilizowahi kukaribishwa humo, inaanza sifuri."

"Niwekee mbili. Hii na ile ya bure."

"Aka! Uweke walinzi wawili wasiofahamiana kwenye ua mmoja? Watakabana koo wao kwa wao, mwizi anapita katikati anawasalimu." Akaisogeza Jirani mbele yangu. "Mimi ningechukua hii. Itachukua siku kadhaa, lakini ni ya kistaarabu."

"Mzee Semboja hana siku kadhaa."

Mbelwa akakuna kidevu. Nami nikaichukua Bawabu.

"Kuna mawili ya kukumbuka," akasema, na sauti yake ikashuka. "La kwanza: hakuna kingavirusi inayoweza kumtoa aliyekaribishwa kwa kinywa cha mtu. Aliyesema karibu ndiye amuage, ndivyo sheria yenyewe ilivyoandikwa. Akiagwa pale alipoanzia, na nakala zake kwa majirani zinajifuta. Vinginevyo ufute kisanduku kizima, na zile salamu halisi Shekue alizowahi kumwachia mama yako zifutike humo humo."

"Yaani mama amfukuze Shekue."

"Amuage Mgeni."

"Kwake kuna tofauti?"

Mbelwa akainua simu yake. "Njia ya mkato ipo. Nina sauti ya mama humu, alinipigia siku za msiba. Nakata maneno, nayaunga, tunamuaga sisi. Yeye hatajua."

Sitasema uongo, nilitamani. Mama angeamka tu akute kimya, nami ningesema sijui, labda umeme. Lakini nilivihisi vidole vya Mzee Semboja kwenye kifundo changu, vikipapasa kama kweli mimi ni mimi.

"Hapana," nikasema. "Hiyo ndiyo kazi yenyewe anayofanya huyo Mgeni."

"Sawa. La pili: Bawabu ikimaliza kujifunga, mwenye nyumba akukaribishe upya, wewe ukiwa ndani. Mshike mama mkono, aseme karibu, imekwisha. Usitoke nje kabla ya hapo."

Nilisema nimesikia. Njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa nawaza jambo moja tu: mama akibaki na kimya, atakula kwa ajili ya nani?

*

Nilimkuta uani, chini ya mabati, anachambua mchele kwa ncha za vidole. Nilikaa naye hapo hapo, mbali na spika za ndani, nikamweleza yote. Jokofu la Mzee Semboja. Mama Nuswe. Sauti yangu inayotembea mtaani bila mimi. Vidole vyake havikusimama hata mara moja.

"Ulidhani sijui?" akasema nilipomaliza.

"Unajua nini, mama?"

"Alipiga hodi, Mwantumu. Shekue tangu anatambaa lini kanipigia hodi? Mtoto apige hodi kwao? Yeye alikuwa akiusukuma mlango kwa teke, anauliza kuna nini cha kula. Huyu kasema hodi kwa adabu zote. Nikajua huyu ni mgeni, kaja na sauti ya mwanangu."

"Na bado ukamkaribisha!"

"Nimwache mvuani?"

Nilishindwa hata kukasirika. Aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

"Na alinihimiza kula," akasema taratibu. "Najua nawe ulinihimiza, mwanangu. Lakini wewe ukinihimiza ni kama unasahihisha daftari. Yeye alikuwa ananichekesha kwanza."

Maneno hayo yaliniingia, maana yalikuwa ya kweli.

"Dawa ya Semboja imeharibika yote?"

"Yote."

Mama akaweka ungo chini, akajipangusa mikono na kuomba fimbo yake. "Basi amekaa vya kutosha. Twende nimsindikize."

Kwetu mgeni haonyeshwi mlango, anasindikizwa, na mama hakutaka kupunguza hatua yoyote. Alianzia jikoni, alikokuwa akila naye. Akajifunga khanga vizuri.

"Mama, unakwenda wapi?" ikauliza sauti ya Shekue juu ya jokofu.

"Nakusindikiza, baba."

"Mvua inanyesha."

"Imepungua."

Alitembea, na sauti ikatembea naye. Ilizimika jikoni ikawaka sebuleni, kwenye spika ya redio. "Lakini hatujamaliza mazungumzo." Ikazimika tena, ikawaka ukumbini. "Mama, chakula cha jioni nani atakwambia?" Taa zilikuwa zikiwaka mbele yake na kuzima nyuma yake, ijapokuwa ulikuwa mchana na yeye hazimsaidii kitu. Nilikuwa nyuma yao, mkono ukutani. Mlangoni ilisema, "Nimekosa nini?" Tulipofika langoni sauti ya Shekue ilikuwa imeanza kuchujuka. Ikasema neno moja kwa sauti yangu, jingine kwa ya Mama Nuswe, jingine kwa ya mtoto ambaye hakuna anayemjua mtaani kwetu. Ni kama mtu anayepekua sanduku la nguo kwa haraka, akitafuta ile itakayomfaa.

"Hujakosa," mama akaiambia. "Umekaa tu."

Ikarudi kwenye sauti ya Shekue. "Utakula?"

Mama aliweka kiganja juu ya kile kispika kidogo cha langoni, akakiacha hapo kidogo, mvua ikimlowesha mkono.

"Haya, mwanangu, asante kwa kuja. Wasalimie huko."

Kispika kikatoa mlio kama wa ulimi unaogonga kaakaa. Nyumba nzima ikanyamaza. Sikuwa nimejua kwamba siku zote hizo ilikuwa ikivuma, mpaka ilipoacha kuvuma.

Mama aligeuka mwenyewe, akarudi ndani akipapasa kwa fimbo, akaliacha lango wazi nyuma ya mgeni wake.

*

Nilichomeka flashi. Kabla hata sijanyanyua mgongo, simu yangu ililia, Mzee Semboja, anataka kuniambia kwamba jokofu lake limewaka lenyewe na halizimiki. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Nikapakua wali, nikamwekea mama sahani mezani, akakaa mbele yake na mikono mapajani. Nikajiambia atakula. Nitajifunza kumchekesha, hata kama nitaanza na vichekesho vya wanafunzi wangu. Nilikuwa na furaha, na ndiyo iliyonipumbaza.

Lango lilikuwa likipigwapigwa na upepo. Nikatoka kwenda kulifunga.

Nilikuwa nimeshika kitasa cha lango niliposikia komeo la mlango wa nyumba likijisukuma mahali pake, taratibu, hadi mwisho. Maneno ya Mbelwa yakanirudia yote.

Nilikimbia. Kwenye kispika cha mlangoni sauti kavu, ya mtu yeyote, ikasema: "Bawabu ipo kazini. Jitambulishe."

"Mwantumu. Nakaa humu."

"Sauti hii haijakaribishwa. Piga hodi."

"Nimekwambia nakaa humu! Mwenye nyumba ni mama yangu!"

"Piga hodi."

Mvua ilikuwa imerudi kwa nguvu. Nilifanya kile ambacho mtu yeyote wa hapa angekifanya akiwa nje ya mlango uliofungwa.

"Hodi!" nikaita. "Hodi, mama, ni mimi!"

Neno lilipotoka ndipo nilipolisikia. Lilitangulia ndani kupitia spika, nikalisikia likitokea jikoni, juu ya jokofu, kwa sauti yangu ileile na kukohoa kwangu kulekule. Nyuma ya ukuta, dirisha la Mzee Semboja likafungwa kwa kishindo.

Kisha sauti ya mama kutoka ndani, imechoka.

"Umerudi tena?"

"Mama, mimi Mwantumu! Nilitoka kufunga lango!"

"Hata yule wa kwanza alisema yeye ni Shekue."

"Mama, nisikilize. Leo tumekaa uani, ulikuwa unachambua mchele. Umeniambia nakuhimiza kula kama nasahihisha daftari. Nani mwingine anajua hilo?"

"Kumbe na uani ulikuwa unasikiliza," akasema.

Nilirudi nyuma, nikaupiga mlango teke kwa nguvu zangu zote, mpaka mguu ukafa ganzi. Nikapaza sauti, machozi na mvua vikiniingia mdomoni. "Mama! Kuna nini cha kula?"

Nilidhani nimeshinda. Nilisikia kiti kikisogezwa, fimbo ikigonga sakafu, ndara zikija ukumbini mpaka upande wa pili wa ubao. Alikuwa karibu sana. Niliweza kumsikia anavyopumua, na kwamba alikuwa analia.

"Hilo pia nililisema uani," akanong'ona. "Mwanangu yuko ndani, kanipakulia wali sasa hivi. Mwantumu hawezi kunipigia hodi. Nimebaki na huyo tu, usinichukulie na sauti yake."

"Mama, mimi ndiye huyo! Nigusishe mkono! Fungua kidogo tu!"

Nilikibandika kiganja changu kwenye mlango. Sijui kama naye alibandika chake.

"Haya, mwanangu," akasema kwa upole uleule. "Asante kwa kuja. Wasalimie huko."

"Mgeni ameagwa," ikasema Bawabu.

Ndara zikarudi jikoni. Nilimsikia akiniita kule ndani, mara mbili, Mwantumu, njoo tule, akisubiri jibu katika kila chumba. Kisha nikaisikia sahani ikisukumwa mezani.